Kabla ya Kuchagua Chuo, Uliza Jumanne Yake Ikoje

Matokeo ya kidato cha sita yalipotangazwa mwezi wa Julai, binti wa kaka yangu alikuja kwangu Wete, Pemba, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulikuwa barazani baada ya sala ya Isha, jamvi limetandikwa, tunachambua karafuu zilizoangushwa mchana, makonyo tunayaweka upande wake. Aliifungua karatasi ile juu ya goti: Biolojia C, Jiografia C, Kemia D. Chini ya alama hizo alikuwa ameandika majina ya vyuo saba, vinne vya Unguja, viwili vya Dar es Salaam na kimoja cha Dodoma, kisha akaniuliza, “Shangazi, kipi kizuri?”

Nilimrudishia swali: katika vyuo vyote hivyo saba, anajua Jumanne ya kimoja ikoje? Jumanne nilimaanisha siku ya kawaida kabisa, isiyo ya kupokea wanafunzi wapya wala ya mahafali, siku ambayo mwanafunzi huamka, hufika darasani kwa njia fulani, hukaa mahali fulani akisoma, hula kitu fulani, na hulala mahali ambapo ama patamwezesha kusoma usiku au hapatamwezesha. Hakujua. Mimi pia sikujua nilipokuwa na umri wake, na kutojua huko kulinigharimu mwaka mzima ambao sikuweza kuurudisha.

Nilianza chuo mwaka 2013. Chuo nilichokichagua kilisifiwa na kila mtu mtaani kwetu, na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu pekee. Kilikuwa upande wa Tunguu, Unguja, na kwa kuwa sisi ni watu wa Pemba na jamaa zetu wako Unguja, hapakuwa na mjadala juu ya wapi nitakaa: ami yangu ana nyumba Bububu, basi nitakaa kwa ami. Namshukuru ami na mke wake mpaka leo, kwa sababu walinipokea kama mtoto wao na hawakuniomba hata senti moja. Lakini mtoto wa nyumba huamka alfajiri akachota maji, huosha vyombo vya usiku, huwavalisha wadogo nguo za skuli, na jioni hukuna nazi. Hayo niliyafanya kwa moyo safi, maana ndivyo nilivyolelewa. Bububu iko kaskazini ya mji na Tunguu iko kusini mashariki, hivyo nilipanda gari mpaka Darajani, nikasubiri nyingine, na mara nyingi nilitumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi.

Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza, kwamba shahada imepimwa kwa saa. Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vikuu vya Tanzania, kila kozi ina uzito unaoitwa krediti, na krediti moja ni takriban saa 10 za kujifunza. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, ambazo ni saa 1,200. Ukizigawa katika wiki 30 hivi za masomo za mihula miwili, unapata saa 40 kwa wiki. Mhadhara, maabara na semina kwa pamoja huchukua nusu ya saa hizo au zaidi kidogo, na zinazobaki ni zako: kusoma kitabu, kufanya mazoezi, kuandika, kurudia ulichokosea. Hakuna kengele itakayogongwa wala mwalimu wa zamu atakayepita kuangalia kama unazitumia. Mtu anayetoka skuli, ambako siku nzima imepangwa na wengine, akiiona ratiba ya chuo yenye nafasi tupu kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana huamini kwamba amepewa mapumziko, kumbe hapo ndipo nusu ya shahada ilipo.

Siku moja katika muhula wa pili, baada ya kufeli mtihani wa kati, nilichukua daftari la kurasa 40 nikalipiga mistari, nikaandika kila saa ya wiki nzima niliitumiaje, bila kujionea huruma. Darasani na maabara: 20. Kusoma peke yangu: 6. Barabarani: 15. Daftari lile ninalo mpaka sasa. Nilikuwa nikitumia muda mara mbili na zaidi kushikilia chuma cha daladala kuliko kushika kitabu, na nilikuwa nikijiuliza kwa nini sielewi.

Mwaka wa kwanza nilipata wastani wa 2.5. Kwa anayeanza chuo, hesabu ifuatayo ni muhimu kuliko jina la chuo chochote. Daraja la kwanza huanzia 4.4 katika kipimo cha 5.0, daraja la pili la juu huanzia 3.5 hadi 4.3, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na chini yake, kuanzia 2.0, ni kufaulu tu. Ikiwa miaka mitatu ina krediti zinazolingana na mwaka wa kwanza umeupata kwa 2.5, ili umalize na 3.5 unahitaji wastani wa 4.0 katika miaka miwili iliyobaki, tena miaka yenye kozi ngumu zaidi. Mwaka wa pili nilipata 3.6 na wa tatu 3.8, na nikamaliza na 3.3. Nilipotaka kuomba ufadhili wa shahada ya uzamili, tangazo lilitaka daraja la pili la juu. Ilibaki pointi mbili za desimali, na zote mbili nilijua ziliangukia wapi.

Kilichobadilika kati ya mwaka wa kwanza na wa pili hakikuwa akili yangu. Baba yangu alipanda boti kutoka Mkoani akiwa na mkungu wa ndizi na kikapu cha majimbi, akaenda kukaa na ami barazani Bububu, na wakazungumza kama watu wazima wanavyozungumza, kwanza hali za watu wote wa Pemba, kisha bei ya karafuu, na mwisho kabisa jambo lenyewe. Baba alikuwa na wasiwasi kwamba kaka yake ataona amedharauliwa. Ami alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, “Mtoto nimepewa nimtunze asome. Kama kusoma kwake kuko dahalia, basi kunitunzia heshima yangu ni yeye kwenda dahalia.” Nikahamia dahalia, bweni la chuo. Ijumaa nilikwenda Bububu, nikapika na kula nao, na Jumamosi nikarudi. Zile saa 15 za barabarani zilinirudia.

Kwa sababu hii, mtu anaponiuliza kuhusu chuo kizuri, namwomba aanze kwa kuchagua kozi, kisha aangalie wiki atakayoishi, na jina la chuo alifikie mwisho. Najua ni kinyume cha mazoea yetu. Mtaani tunauliza, “Mtoto yuko chuo gani?” na jibu likiwa zito tunaridhika, ingawa kozi aliyoingia haina uhusiano wowote na alichofaulu wala anachokipenda.

Kuhusu kozi, yapo mambo ambayo hayahitaji kubahatisha. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha programu za kila chuo kikuu, sifa zake na muda wake, na mwongozo huo husomwa bure katika tovuti yao. Kiwango cha jumla kwa wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, lakini hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Programu nyingi hutaja masomo mahususi, na za afya hudai zaidi. Binti wa kaka yangu ana pointi 8, na baba yake akadhani kwa hiyo kila mlango uko wazi, mpaka tulipokaa na mwongozo tukaona kwamba ile D ya Kemia inafunga baadhi ya milango na kuacha mingine wazi kabisa. Ni afadhali kulijua hilo barazani kuliko kulijua baada ya kulipa ada ya maombi ya vyuo vitano. Siku hizi maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, na aliyekubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa. Wapo wanaokawia kuthibitisha wakidhani barua ya kukubaliwa inatosha.

Kwa ngazi ya cheti na stashahada, msimamizi ni NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na hapa naomba wazazi wa Pemba wanisikilize. Kijana wa jirani yetu alilipiwa ada awamu mbili katika chuo kimoja kidogo, baba yake ameuza karafuu za msimu mzima, na baadaye ikadhihirika kwamba chuo kilikuwa na usajili lakini programu aliyoisoma haikuwa na ithibati. Mambo haya mawili si sawa. Chuo kuruhusiwa kufungua mlango hakumaanishi kwamba kila kinachofundishwa ndani kinatambuliwa. Kwa kazi zenye mabaraza yake, kama uuguzi, lazima uulize pia kama baraza la taaluma litamsajili anayehitimu hapo, kwa sababu cheti ambacho hakikupi leseni ya kazi hakitakufikisha wodini.

Stashahada nayo haistahili kudharauliwa. Aliyekosa pointi za shahada anaweza kupita huko, akafaulu vizuri, akaingia chuo kikuu akiwa ameshashika vifaa kwa mikono yake. Vilevile tuna vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na vingine viko huku kwetu, kikiwamo cha Vitongoji na cha Daya Mtambwe. Fundi umeme au fundi wa majokofu aliyefundishwa vizuri hakai bure katika visiwa vyenye hoteli nyingi kiasi hiki.

Wazee wetu hawakuwa na mashaka ya kuchagua, kwa sababu hawakuwa na cha kuchagua. Mpaka mwaka 1998 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja visiwani. Aliyetaka shahada alivuka kwenda Makerere, Dar es Salaam, Cairo au mbali zaidi. Mwaka huo ndipo kilipoanza Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu, pamoja na chuo cha elimu cha Chukwani ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, na sasa kina kampasi kadhaa, ikiwamo ya Mchangamdogo hapa Pemba. Mbweni iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume kwa wanaotaka uhandisi na ufundi. Mwaka 2023 ikafunguliwa kampasi ya IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, ya kwanza kwa vyuo vya IIT nje ya nchi yao, inayofundisha sayansi ya data na akili bandia. Naandika haya kwa furaha ya kweli, kwa sababu baba yangu alifaulu vizuri kuliko mimi na hakupata pa kwenda.

Wingi huo ndio unaofanya safari ya kwenda kukiona chuo iwe na thamani. Nilimwambia binti yetu aende Unguja siku za masomo, si wikiendi, na asikae kwenye ofisi ya udahili ambako kila mtu atamsifia. Aingie maktaba saa 10 jioni aone kama kuna viti na kama vina watu. Afungue vitabu vitatu vya fani yake aangalie vilichapishwa mwaka gani. Kama ni kozi ya sayansi, aombe kuchungulia maabara, ahesabu hadubini, kisha aulize darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi. Hadubini 10 kwa wanafunzi 120 maana yake ni kwamba wengi watatazama migongo ya wenzao. Azungumze na mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu, amuulize mambo mawili tu: matokeo ya mitihani hutoka baada ya muda gani, na mara ya mwisho alizungumza na mhadhiri wake ana kwa ana lini. Majibu ya maswali hayo mawili huonyesha hali ya chuo vizuri kuliko kipeperushi chochote.

Fedha nitaitaja kwa ufupi. Mzanzibari anaweza kuomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na kwa masharti yake pia ile ya Jamhuri ya Muungano, na asiitegemee bodi moja kabla hajasoma masharti ya zote mbili. Kinachokwamisha wengi ni vyeti: cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, majina yafanane herufi kwa herufi na ya cheti cha skuli, na sheha, kiongozi wa mtaa, aonwe mapema. Katika bajeti, ada andika mstari mmoja tu, kisha ongeza nauli ya boti mara nne kwa mwaka, kodi au dahalia, chakula, na uchapishaji wa kazi ambao hakuna anayeukumbuka.

Sasa, ukishaingia. Kilichonisaidia zaidi kilianza kwa aibu. Kiingereza cha mihadhara kilinishinda. Nilikuwa nanakili kila kitu, na nikirudi kusoma naona maneno ninayoyatambua moja moja lakini hayaungani. Tulikuwa wasichana watatu chumba kimoja dahalia, na usiku mmoja mwenzetu kutoka Makunduchi alisema wazi kwamba haelewi osmosisi, amekariri tu. Tulikuwa na embe mbichi. Nikalikata vipande, nikavitia chumvi kwenye bakuli kama tunavyotengeneza kwetu, tukaendelea na mambo mengine. Baada ya muda tukatazama: chini ya bakuli pamejaa maji, na vipande vimenywea. Hayo maji hatukuyatia sisi. Tukajieleza kwa Kiswahili, polepole, yametoka wapi na kwa nini, chumvi nje ni nyingi kuliko ndani, na ngozi ya seli inapitisha maji: hiyo ndiyo osmosisi. Ndipo tukarudi kwenye kitabu tukasoma ule ukurasa wa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza ulisomeka. Tangu usiku ule tulijiwekea utaratibu: kila mada lazima mmoja aieleze kwa Kiswahili bila daftari, kisha wote tuiandike kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Wapo wanaoona kueleza kwa Kiswahili ni udhaifu. Mimi nafundisha Biolojia sasa, na naamini ambaye hawezi kuieleza mada kwa lugha aliyokulia bado hajaielewa.

Jambo la pili ni kwenda kwa mhadhiri. Tulilelewa kutowasumbua walimu, na heshima hiyo ni njema, lakini mhadhiri ana saa alizozitenga kwa wanafunzi na mara nyingi hukaa peke yake. Usiende kusema “sijaelewa somo”, maana hilo halina pa kulishika. Nenda na hesabu uliyoianza, umwonyeshe mstari uliokwama: “Mwalimu, nimefika hapa, kuanzia hapa sioni njia.” Atakukumbuka jina, na mwaka wa tatu utakapohitaji msimamizi wa utafiti au barua ya kukutambulisha, hutakuwa namba ya usajili tu kwake.

La tatu ni kuvitumia visiwa vyenyewe. Anayesoma historia Unguja ana Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zenye hati za zama za masultani na za utawala wa Waingereza ambazo watafiti husafiri kutoka mbali kuja kuzisoma, na nimekutana na wahitimu ambao hawakuwahi kuingia hata siku moja. Anayesoma sayansi za bahari ana Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapa hapa Unguja. Kwetu Pemba, Wawi karibu na Chake Chake, iko Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambako kichocho na minyoo, maradhi ya watoto wetu wenyewe, vimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo haina ada. Iandike mapema, miezi kadhaa kabla ya wakati, kwa sababu wanaongoja kupangiwa huishia ofisi ambazo watapanga mafaili tu.

Binti yetu alikwenda Unguja wiki ya pili ya Agosti, akakuta chuo kimoja kiko likizo na kingine kina wanafunzi wa programu za jioni, na akarudi na karatasi mpya. Safari hii ilikuwa na vyuo viwili tu, na mbele ya kila kimoja ameandika saa: ya kuamka, ya kufika, ya kusoma, ya kulala. Kaka yangu aliisoma mara mbili bila kusema neno. Hofu yake ilikuwa dahalia, kwa kuwa ni mtoto wa kike na ni wa kwanza kuondoka nyumbani, na sikumlaumu. Kisha akachukua simu, akatoka nje kwenye ukumbi wa mbele, na tukamsikia akisalimia kwa kirefu, hali za Bububu, hali za Wete, karafuu za mwaka huu. Alikuwa anazungumza na ami. Alipofika kwenye jambo lenyewe alishusha sauti, na tulichosikia ni neno moja tu, “Ijumaa.” Alirudi ndani, akamwambia binti yake aanze kutafuta sanduku.